Nup98 sio protini ya tisini na nane

Nimevumilia sana ila hii ya juzi imenishinda. Kuna mtu alikuwa anafundisha kuhusu saratani ya damu, anaongea vizuri tu, mpaka alipofika kwenye Nup98 akasema kwa kujiamini kabisa "hii ndo protini ya tisini na nane ya tundu la nyuklia, likiharibika hilo tundu unapata leukemia", na watu wakainamisha vichwa wakaandika. Sentensi moja, makosa matatu.

Maana yenyewe ni fupi. Seli ina kiini, ndani ya kiini kuna DNA, na kiini kimezungushiwa utando wa tabaka mbili wenye matundu, maana RNA, ile nakala ya maelekezo ya DNA, lazima itoke kwenda huko nje protini zinakotengenezwa na protini nyingine lazima zirudi ndani kufanya kazi. Kila tundu limejengwa kwa protini, hizo za kujengea ndo nukleoporini, wenyewe wanakatisha wanasema Nup. Basi. Aina zake ni kama 30 hivi, ila kila aina inajirudia rudia kwa sababu tundu lina pande nane zinazofanana, ukijumlisha vipande vyote tundu moja la binadamu linafika kama protini 1,000.

Sasa kama aina ni 30, ya 98 imetoka wapi?

98 ni uzito jamani. Kilodaltoni 98, kipimo cha uzito wa molekuli. Nup62 ina kama kilodaltoni 62, Nup214 ndo hivyo hivyo, Nup358 hilo ni jitu. Ni sawa na kuingia ofisini ukaita "Kilo Sabini njoo, Kilo Tisini subiri kidogo". Majina ya kivivu, nakubali, lakini ndo yalivyo. Na Nup98 hata haizaliwi peke yake, inatoka kwenye jeni ikiwa imeungana na mwenzake Nup96, protini moja ndefu, alafu inajikata yenyewe katikati ndo wanapatikana wawili.

Nyingine zimeponyoka kwenye mtindo huo wa uzito. Kuna moja inaitwa ALADIN, na hapana, sio yule wa taa, ni herufi zilizookotwa kwenye majina ya dalili zinazotokea jeni yake ikiharibika. Mtoto analia, sauti ipo, uso umekunjamana, mashavu makavu, hakuna chozi. Chakula kinakwama kwa sababu umio haufunguki vizuri pale unapoingia tumboni, na tezi zilizokaa juu ya figo hazitoi homoni ya kutosha. Matundu yapo kwenye kila seli yenye kiini, ila ugonjwa umechagua macho, umio na tezi. Ndo maana mtu akiniambia tu "tundu limeharibika" nauliza Nup ipi, kwa sababu ikiwa NUP93 au NUP205 mtoto anapata shida ya figo, protini zinavuja kwenye mkojo, hadithi nyingine kabisa.

Nyuklia nayo. Kwa Kilatini nucleus ni kokwa, ile nyama ya ndani ya njugu, na Robert Brown ndo alilitumia kwa kiini cha seli mwaka 1831 akichungulia okidi kwenye hadubini. Wanafizikia wamekuja kulichukua baadaye sana kwa ajili ya katikati ya atomi, bomu limekuja 1945. Kwa hiyo seli ilikuwa na hilo neno kabla ya bomu, ila ukisema "tundu la nyuklia" leo lazima mmoja aulize kuhusu mionzi (na juzi kweli aliuliza). Na kinachoniuma ni kwamba sisi tunalo neno letu lenye maana ile ile, kiini cha yai, kiini cha mbegu, kiini cha habari, kiini macho tuliache, tumelipewa bure alafu tunaliweka pembeni tunaenda kukopa lenye bomu ndani.

Hata hilo "tundu" linadanganya. Kigiriki chake, poros, ni njia au kivuko, sio shimo, na hapa ndo kwenye utamu kwa sababu katikati pale hapako wazi. Kama theluthi ya hizo Nup zina mikia mirefu iliyolegea, imejaa asidi amino (matofali yanayojenga protini) mbili zinazojirudia, fenilalanini na glisini, mikia yote inajazana kwenye uwazi kama uzi uliovurugika. Molekuli ndogo, chini ya kilodaltoni 40 hivi, zinapenya tu, kubwa zaidi lazima zisindikizwe na importini au eksportini ambazo zinajua kushikana na hiyo mikia, na bado vinapita kama vitu 1,000 kwa sekunde kwenye tundu moja. HIV pia imejifunza mlango huo, ganda lake lina vishimo vya kushikia mikia, na dawa ya lenacapavir inakaa kwenye kishimo kile kile ambacho Nup153 ingeshika.

Nup98 ni mojawapo ya wenye mikia. Kwenye leukemia ile kromosomu inakatika, kipande cha jeni chenye mkia kinaungwa na jeni nyingine, mfano HOXA9, na hiyo protini ya kuunga unga inaenda kukaa kwenye DNA ikiwasha jeni ambazo zilitakiwa zizimwe. Yaani shida inatokea huko ndani, mlangoni hapajatoboka kitu.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa juzi, ile sehemu ya matibabu ulinifundisha kweli na nakushukuru, ila slaidi moja tu ibadilishe: iandike "protini ya tundu la kiini, uzito wake kama kilodaltoni 98", na pale penye "tundu likiharibika" weka "jeni ya NUP98 ikiungwa na jeni nyingine".