Je, wajua kwa nini Indonesia haichagui upande mbele ya China?

Mgonjwa anayefika Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba, huenda akatibiwa na daktari wa Kichina, kwani madaktari wa nchi hiyo wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964. Kwetu China ni rafiki wa mbali. Kwa Indonesia ni mkubwa wa karibu, mwenye fedha na manowari. Basi nchi ambayo si ndogo wala si dola kuu huishi naye vipi?

Mwaka 1948 Mohammad Hatta, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Indonesia, aliifananisha siasa ya nchi yake na kupiga makasia kati ya miamba miwili, yaani Marekani na Urusi ya Kisovieti, na baharia yeyote wa Nungwi angemwelewa. Leo Indonesia huyatenga mambo: reli ya mwendokasi ya Jakarta hadi Bandung, yenye urefu wa kilomita 142, ilijengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa mwaka 2023, lakini meli za uvuvi za China zilipoingia maji ya Natuna, visiwa vya Indonesia vya kaskazini, zikisindikizwa na walinzi wao, Rais Joko Widodo alikwenda huko mwenyewe, Januari 2020, na manowari zikapelekwa. Mwezi huohuo Indonesia ilizuia nikeli ghafi, madini ya kutengenezea chuma cha pua na betri, isiuzwe nje, na kampuni za China, zinazoihitaji sana, zikazidi kujenga viwanda vya kuiyeyusha hukohuko.

Kwa maoni yangu, nikeli hiyo inaeleza mengi kuliko hotuba. Australia ilipotaka chanzo cha Uviko-19 kichunguzwe, mwaka 2020, China iliitwisha shayiri na mvinyo wake ushuru mzito, lakini mawe ya chuma haikuyagusa, kwa sababu viwanda vyake havikuwa na pengine pa kuyapata kwa wingi ule. Shayiri ikapata wanunuzi wengine, na kufikia mwaka 2024 ushuru wote huo ulikuwa umeondolewa.

Asiye na kitu ambacho mkubwa hawezi kukipata pengine hulipa zaidi. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliikatia Tanzania msaada wa kijeshi kwa sababu ya ofisi ya uwakilishi ya hasimu wake, Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar ilikuwa imeitambua kuwa nchi, na Mwalimu Nyerere akaukataa hata msaada uliobaki. Tanzania ilikosa fedha ilizozihitaji mno, ila uamuzi wa nani awe rafiki yake ulibaki mikononi mwake, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni, mjini Zanzibar, zikajengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.