Kufomati Hakuponyi Diski Inayokufa

Hakuna kauli inayorudiwa mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kuliko hii: "Fundi, we ifomati tu, piga Windows upya, itakaa sawa." Kompyuta yenyewe inachukua muda mrefu kuwaka, folda ya picha ikifunguliwa inaganda, na ndani diski inagonga ko, ko, ko, lakini mwenye nayo amekwisha kujiandikia dawa kabla ya vipimo.

Dhana hii imeota mizizi kwa sababu kwa muda huonekana kuwa kweli. Sekta, yaani kipande kidogo cha diski kinachohifadhi data, inaposhindwa kusomeka, diski huiweka katika hesabu ya sekta zinazosubiri, ambayo vipimo vya S.M.A.R.T. (diski inavyojipima afya yake) huionyesha kwenye kipengele C5. Haiiondoi papo hapo, kwa kuwa huenda yaliyomo yakasomeka baadaye; huingoja iandikwe upya. Kufomati kikamilifu, tangu enzi za Windows Vista, huandika sifuri katika kila sekta, na hapo ndipo uamuzi hufanyika: sekta ikiandikika vyema hurudishwa kazini, ikishindikana nafasi yake huchukuliwa na sekta ya akiba na hesabu ya kipengele 05, ya sekta zilizobadilishwa, hupanda. C5 inarudi sifuri, kompyuta inakwenda mbio, mteja anashukuru. Kumbe data zimefutwa zisirudi, na kichwa cha kusomea kilichochoka au sahani ya kuhifadhia data iliyokwaruzika imebaki vilevile ndani. Fomati ya haraka haifanyi hata hilo, maana huandika upya jedwali la mafaili tu na kuacha sehemu kubwa ya diski bila kuguswa.

Ndiyo maana nasisitiza, hata kwa wanaonuna, kwamba kunakili hutangulia kila kitu, ikiwa ni pamoja na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, ambayo huilazimisha diski dhaifu isomwe yote na inaweza kuimaliza kabla picha za harusi hazijatoka. Mimi hutumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux, kwa kuwa huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuzirudia zile ngumu mwishoni. Diski inayogonga, hata hivyo, izimwe na iachwe hivyo ikiwa data zake ni za thamani. Na anayejipimia kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha vipimo vya S.M.A.R.T., akumbuke kwamba thamani ghafi, yaani hesabu yenyewe, huandikwa kwa msingi wa 16, hivyo 10 anayoiona pale ni sekta 16.

Zipo na dhana nyingine. Kirusi hakikwaruzi sahani, kwa hiyo antivairasi haitapunguza C5. Kuigandisha diski kwenye friji, katika mji wenye unyevu kama huu, ni kuialika maji ndani. SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, nayo hufa, tena mara nyingi bila mlio wowote wa kutahadharisha, na faili lililofutwa humo kwa kawaida halirudi kwa sababu ya TRIM, amri inayoiambia SSD kwamba nafasi ya faili hilo inaweza kusafishwa.

Kinyume chake, wapo wanaotupa diski nzima kwa kosa la waya. Kipengele C7, kinachohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, kikipanda huku 05 na C5 zikiwa sifuri, wa kwanza kushukiwa ni kebo ya SATA au viunganishi vyake, ambavyo hewa ya chumvi ya pwani huvila polepole. Badilisha kebo, andika hesabu ya siku hiyo, kwa kuwa hairudi chini kamwe, kisha upime tena baada ya siku kadhaa za matumizi. Ikisimama palepale, hakuna haja ya kununua diski.