Mfumo wa upumuaji ni nini hasa, na mpuliza salfa anausumbua wapi

Mfumo wa upumuaji ni njia yote ya hewa kuanzia puani mpaka ndani kabisa ya mapafu, pamoja na misuli inayofanya hewa iingie na itoke. Wengi ukiwauliza watakwambia mapafu, basi, lakini mapafu yenyewe hayana msuli wa kujivutia hewa. Kazi hiyo ni ya kiwambo, msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo, ukijikaza unashuka, mbavu nazo zinapanda na kutanuka, kifua kinapata nafasi afu hewa inaingia yenyewe, sawa na unavyovuta bomba la sindano dawa ikapanda. Msuli huo ukilegea, hewa inatoka.

Nalileta hili manake huku kwetu kusini mwa Tanzania, Newala, Tandahimba, Masasi mpaka Nachingwea na Ruangwa, ikishafika mwezi wa 6 watu wanaingia shambani kupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ubwiri unga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, alfajiri umande ukiwa bado upo, na lile vumbi la njano linaenda kwenye maua ya mikorosho na kwenye vifua vya watu vilevile.

Sasa tuifuate hewa. Puani inakutana na vinyweleo na ute, vumbi kubwa linanasia hapo, na hewa inapata joto na unyevu kabla ya kuendelea. Ndo maana ukipenga kamasi baada ya kazi unaona unjano. Inashuka kwenye koromeo, ambapo chakula nacho kinapita, kuna kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa wakati unameza na kikichelewa unapaliwa. Kisha koo la hewa, kama sentimita 10 hadi 12, limeshikiliwa na pete za gegedu (kama mfupa laini wa sikioni) lisijifunge, afu linagawanyika mara mbili. Tawi la kulia ni pana na limesimama wima zaidi, kwa hiyo mtoto akivuta karanga kwa bahati mbaya mara nyingi inaishia upande huo. Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto 2 kwa sababu moyo umechukua nafasi.

Ndani ya hayo matawi kuna vinyweleo vingine vidogo mno, havionekani kwa macho, vinapiga kuelekea juu muda wote vikipandisha ute na vumbi lililonasa mpaka kooni, ukakohoa ukatema au ukameza bila kujua. Sigara inavidhoofisha hivi, na mpuliza salfa anayevuta sigara kwa kweli anajimaliza mara mbili.

Mwisho wa njia ni vifuko vya hewa, mamilioni mia kadhaa, ukivitandaza vyote unapata kama meta za mraba 70. Kuta zake ni nyembamba sana, oksijeni inavuka kuingia kwenye damu, kabonidayoksaidi inavuka kutoka. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21, unayotoa inabaki kama 16.

Ukiwa umekaa tu unapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, nusu lita hivi kila mara. Lakini ukibeba blowa, ile mashine ya kupulizia, mgongoni ukapanda nayo shamba zima, kabonidayoksaidi inaongezeka kwenye damu, ubongo unaamuru upumue haraka, mdomo unafunguka wenyewe, na hapo ulinzi wote wa pua umerukwa. Chembe ndogo, za chini ya maikromita 5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), zinafika mpaka kwenye vifuko ambako vile vinyweleo vya kusukuma havipo, zipo seli za kula uchafu tu na zinafanya kazi polepole.

Vumbi la salfa linawasha macho na koo na kubana njia za hewa. Kitambaa cha khanga kinazuia vumbi kubwa tu, hizo ndogo zinapita, kwa hiyo tafuta barakoa ya vumbi inayobana vizuri pembeni, upepo uwe mgongoni, na ukianza kuhema kwa mdomo zima mashine kwanza upumzike. Mwenye pumu mimi ningemtoa kabisa kwenye blowa, asubiri kuokota korosho mwezi wa 10.