Je, wajua kwa nini maambukizi ya utumbo yanaweza kuharibu mapafu ya mtoto njiti?

Mtoto aliyezaliwa akiwa na wiki 26 anaweza kuugua utumbo au kupata vijidudu kwenye damu, na siku chache baadaye yanayowahangaisha madaktari yakawa ni mapafu. Huenda vijidudu vyenyewe havikufika kifuani kabisa. Kilichofika ni hasira ya mwili dhidi yao.

Damu inayorudi moyoni kutoka sehemu zote za mwili hupitia mapafuni kwanza kabla ya kusukumwa tena mwilini. Penye maambukizi, damu hiyo hubeba kemikali za kuita msaada pamoja na chembe nyeupe zilizokwisha kuamshwa. Chembe hizo hujipenyeza mapafuni na kumwaga vimeng'enya vya kuua vijidudu. Vimeng'enya havichagui: hula hata nyuzi laini zinazoyawezesha mapafu kutanuka na kunywea. Mtu mzima ana vizuizi vingi vya kuvituliza, njiti anavyo vichache mno.

Hali hiyo, mchochota, humkuta mtoto wakati mbaya kuliko wote. Katika wiki ya 26 vifuko halisi vya hewa bado havijaumbika, kuna vyumba vichache tu vipana. Vifuko vidogo huanza kujitokeza karibu na wiki ya 36, kisha huongezeka kwa miaka baada ya kuzaliwa. Mchochota ukiingia hapo katikati, ugawanyikaji wa vyumba hivyo kuwa vifuko hukwama, na mtoto anaweza kuhitaji oksijeni kwa wiki nyingi, hata miezi.

Kuna pia safaktanti, utando mwembamba unaozuia vifuko visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi. Mwaka 1959 watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu wake. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba utando huo una protini zinazonasa vijidudu, kwa hiyo anayeukosa amekosa pumzi na mlinzi kwa pamoja. Na mapafu yakishapata mchochota, majimaji ya damu huvuja ndani ya vifuko na kuidhoofisha hata safaktanti aliyopewa na madaktari kama dawa kwa mrija.

Dawa za aina ya steroidi hutuliza mchochota. Kwa nini basi mtoto asipewe nyingi, mambo yaishe? Ilijaribiwa. Miaka ya 1990 deksamethasoni, mojawapo ya steroidi, ilitumika sana na mapafu yalipata nafuu, lakini kati ya waliopewa mapema baada ya kuzaliwa, mtindio wa ubongo ulionekana zaidi. Mwaka 2002 madaktari wa watoto wa Marekani walitoa onyo isitumike kama jambo la kawaida. (Sindano za steroidi anazochomwa mama kabla ya kujifungua ni habari nyingine. Hizo hukomaza mapafu na zimeokoa watoto wengi.)

Ndiyo maana naamini kazi kubwa ya kuyalinda mapafu haifanyikii kifuani. Hufanyika mikononi mwa muuguzi anayenawa kabla ya kufungua kila kitotoleshi. Hufanyika pale dang'a ya mama inaposhushwa tone kwa tone kwenye mpira mwembamba wa kulishia, ikiwa na kinga za kuulinda utumbo. Hufanyika mrija wa mshipani unapotolewa mara tu usipohitajika. Hewa nayo isukumwe kwa upole kupitia puani inapowezekana, na oksijeni ipimwe, kwani ikizidi nayo huchochea mchochota.

Kisha kuna kifua cha mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwaweka watoto wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8 ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu nao walipungua.