Kukata Povu kwa Waya wa Moto: Piga Hesabu ya Bloku Moja Kabla ya Kununua Mashine

Povu gumu jeupe, lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni ili kioo kisivunjike, ni hewa kwa karibu asilimia 98. Kilichobaki ni plastiki iitwayo polistirini. Bloku yenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na unene wa sentimita 60, ikiwa ni povu la kawaida la kilo 15 kwa mita ya ujazo, haizidi kilo 26 hivi. Hiyo ni nusu ya mfuko wa saruji. Watu wawili wanaibeba bila kuhema, lakini ukiipakia kwenye lori inakula nafasi ya magunia mengi ya mahindi, na mwenye lori atakutoza kwa nafasi hiyo.

Kwa mtu wa Kigoma biashara ya kuchonga povu inaanzia hapo. Kutoka Dar es Salaam hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Konisi (urembo wa ukingoni mwa dari au ukuta), nguzo za nakshi na herufi za mabango zilizochongwa huko zikisafirishwa, mteja analipia hewa mara mbili: iliyo ndani ya povu, na ile iliyo kati ya kipande na kipande kwa sababu maumbo hayapangiki. Tena pembe zinavunjika njiani. Bloku nzima ina pande bapa, inapangwa ikabana, na ikichubuka ukingoni si hasara kubwa. Kwa hiyo mtu anayeleta bloku na kuchonga hapa Mwanga, Gungu au Ujiji ana nafuu ya kweli ambayo mshindani wa mbali hana. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaofika kituoni kwetu kuomba ushauri huuliza kwanza bei ya mashine. Swali la kwanza liwe hili: bloku moja itanipa mita ngapi za kitu kinachouzika?

Mashine yenyewe si ya ajabu. Ni fremu yenye waya mwembamba wa nikromu, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromu, unaopitishiwa umeme hadi upate moto. Mota ndogo za stepa, yaani zinazozunguka kwa hatua ndogondogo, zinausogeza waya huo mbele, nyuma, juu na chini kwa kufuata mchoro ulioandaliwa kwenye kompyuta. Mchoro unaweza kuuchora kwa programu ya bure kama Inkscape, kisha ukageuzwa kuwa mistari ya amri: nenda hapa, kwa kasi hii, kisha pale. Kibao kidogo cha kielektroniki kama Arduino kinazisoma amri na kuziendesha mota. Fundi redio mzuri, akishirikiana na fundi wa kuchomelea, anaweza kuunda mashine ya mihimili miwili, yaani mielekeo miwili ya mwendo, na kwa konisi na herufi hiyo inatosha. Mashine ya mihimili minne ni ya maumbo yanayobadilika upande hadi upande, kama bawa la ndege ya mfano. Usiilipie kama huna mteja wake.

Waya haulikati povu kama kisu. Joto lake linaliyeyusha povu kabla waya haujaligusa, na kwa hiyo pengo linalobaki ni pana kuliko waya wenyewe. Waya wa milimita 0.4 unaweza kuacha pengo la milimita 1 hadi 2, kutegemea moto na mwendo. Jipime hivi: chora mraba wa milimita 100, ukate, kisha upime kipande kwa vernia, kile kipimo kinachosoma sehemu za milimita. Kikitoka milimita 98.4, pengo lako ni milimita 1.6. Andika namba hiyo ukutani, pamoja na ampea na kasi uliyotumia.

Milimita moja na nusu inaonekana ndogo. Sasa chukua ile bloku ya mita 2.4, uikate katikati upate vipande viwili vya urefu wa mita 1.2, na waya wako upite kwenye uso wa sentimita 120 kwa 60. Unataka vipande vya konisi vya milimita 100 kwa 100. Kichwani unahesabu 12 kwa 6, vipande 72 kwa kila nusu. Lakini kila mkato unakula milimita 1.6. Vipande 12 vyenye mikato 11 katikati vinahitaji milimita 1,217.6, nawe una 1,200. Kwa hiyo utapata 11. Upande wa pili, 6 vinahitaji milimita 608, nawe una 600. Utapata 5. 11 mara 5 ni 55, na vipande 17 vimekwenda kwenye taka. Kwa bloku nzima ni vipande 34, yaani karibu mita 41 za konisi.

Rudi kwenye mchoro, upunguze kipande kiwe milimita 98. Vipande 12 pamoja na mikato vinachukua milimita 1,193.6, na 6 vinachukua 596. Vyote vinaingia, unapata 72 vyako. Hakuna mwenye nyumba atakayesimama sebuleni na kuona milimita 2 zilizopungua kwenye dari. Na kama konisi yako ina umbo la pembetatu, geuza kimoja kitazamane na kingine ndani ya mraba uleule, nawe utapata karibu mara mbili ya idadi hiyo. Faida ya kazi hii imejificha kwenye mpangilio wa mchoro. Nimeona mashine ya bei kubwa ikiendeshwa kwa hasara kwa sababu mwendeshaji hakuwahi kupima pengo lake.

Kuhusu moto na mwendo, jicho litakufundisha. Waya usiwe mwekundu. Ukikata vizuri, uso wa povu unabaki laini na nyuzi nyembamba kama za buibui zinaning'inia nyuma ya waya. Ukienda haraka kuliko moto unavyoruhusu, waya unapinda katikati na kona zako zinatoka mviringo. Ukienda polepole mno, pengo linapanuka na moshi unaongezeka. Kumbuka pia kwamba waya unarefuka ukipata joto: mita 1, joto likiongezeka kwa nyuzi 300 za Selsiasi, inarefuka milimita 4 hivi. Ndiyo maana unafungwa kwa springi. Asiyeweka springi atapata mkato wenye tumbo katikati.

Umeme unaohitajika ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Waya wa milimita 0.4 wenye urefu wa mita 1 una ukinzani wa omu 9 hivi. Ukiupitishia ampea 2, unataka volti 18 na wati 36 tu. Ongeza mota na kompyuta mpakato, bado uko chini ya pasi ya umeme. Tatizo ni umeme kukatika katikati ya kazi: waya unapoa ukiwa ndani ya povu, mota zinapoteza hesabu ya mahali zilipofika, na kipande kinaharibika. Betri nzuri ya sola yenye inveta, iliyofungwa na fundi anayejua, inalipa gharama yake haraka. Anza na hiyo kabla ya kufikiria mashine kubwa zaidi.

Na kabla ya mashine yoyote, kata kwa mkono. Transfoma, upinde wa mbao wenye waya, na vielelezo viwili vya plaiwudi (vibao vya umbo ambavyo waya unavifuata) vilivyobandikwa pande mbili za povu vinatosha kuchonga konisi na herufi. Uza kazi ya miezi michache kwa njia hiyo. Utajua nani ananunua: mafundi jipsamu, wapambaji wa kumbi za harusi na kipaimara, waandishi wa mabango. Utajua pia bei wanayoikubali bila kununa. Oda zikikushinda kwa mkono, hapo mashine imejitafutia nafasi yake.

Sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu usalama. Waya wa moto ni wa polistirini tu. Sponji ya godoro na povu la manjano la kupulizia ni poliuretani, na likichomwa linaweza kutoa gesi ya sianidi. Povu la PVC linatoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Hayo yakatwe kwa msumeno au kisu. Hata polistirini yenyewe hutoa mvuke wa stairini, ambao shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka mwaka 2018 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi kwenye banda lenye feni inayotoa hewa nje, si chumba ambacho watoto wanalala. Usiiache mashine ikikata peke yake. Povu hili linashika moto upesi na moshi wake ni mweusi mzito, kwa hiyo banda lisiwe ubavuni mwa fundi wa kuchomelea, na kizimamoto kiwe karibu na mkono.

Mabaki yana shida yake. Akina mama wengine huyaomba ili wawashie jiko la mkaa. Wakatalie kwa heshima na uwaeleze sababu, maana moshi ule utaingia kwenye chakula na kwenye vifua vya watoto wao. Kusanya mabaki kwenye viroba: yakisagwa yanajaza mito ya kulalia, na yakichanganywa na saruji yanatoa zege jepesi la kujazia. Yasiachwe yapeperuke hadi ziwani. Tanganyika tunalitumia pamoja na Burundi, Kongo na Zambia, na maji yake hubadilika polepole mno. Punje ya povu haiozi humo.

Konisi ya nje ya nyumba usiiuze ikiwa tupu. Jua linalifanya povu kuwa la manjano na unga, na mchwa na panya hulitoboa. Ifunike kwa wavu wa faiba na plasta nyembamba ya saruji. Usipake rangi ya mafuta wala gundi yenye petroli au tina moja kwa moja, kwani zinaliyeyusha povu. Rangi ya maji ni salama.

Urasimishaji hauna mlolongo wa kutisha: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni halmashauri. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ina ofisi mkoani na inatoa mafunzo na ushauri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viulizie halmashauri mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani.

Bidhaa ninayotamani kuiona zaidi hapa kwetu ni kasha la barafu la samaki. Wafanyabiashara wa Kibirizi wanasafirisha migebuka na kuhe, na barafu ni gharama. Kasha lenye eneo la mita 2 za mraba kwa pande zote zikijumlishwa, likiwekwa povu la sentimita 5 katikati ya kuta mbili, kwenye joto la nyuzi 28 litayeyusha barafu takriban kilo 10 kwa siku nzima. La mbao tupu litayeyusha mara kadhaa ya hizo. Mashine inakata vibao vya povu vinavyobana kona bila mwanya, na mwanya ndio unaopitisha joto. Ndani weka bati lisiloshika kutu au faiba laini, maana samaki hawapaswi kugusa povu na povu halisafishiki. Funga viungo vyote kwa silikoni isiyo na viyeyushi, mfuniko uwe na unene uleule wa kuta, na chini utoboe tundu la maji lenye kizibo. Tengeneza moja, mpe mchuuzi unayemfahamu alitumie wiki mbili, na umwombe apime barafu anayonunua kabla na baada.