Mpaka wa barafu: kwa nini Mshtarii ni jitu na Dunia ni jiwe

Saa sita mchana pale Feri, Mtwara, wachuuzi wa samaki hugombania kivuli. Deli likiachwa juani, barafu yake haifiki alasiri. Likikaa chini ya mti, angalau jioni unaikuta. Sayari nazo ziliamuliwa hivyo hivyo, na barafu.

Miaka bilioni 4.6 iliyopita, Jua changa lilizungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Humo ndimo sayari zilimofinyangwa. Karibu na Jua joto lilikuwa kali mno, maji yakabaki mvuke, na kilichoweza kuganda ni mawe na madini kama chuma. Ukisogea nje baridi inazidi, hadi unafika mahali penye nyuzi 100 hivi chini ya sifuri, ambapo mvuke unageuka barafu moja kwa moja (si kama deli la Feri, huko hakuna kinachodondoka). Hapo ndipo wanasayansi wanapopaita mpaka wa barafu. Kwa Jua letu unakadiriwa kuwa mara tatu hivi ya umbali wa Dunia kutoka Jua, kati ya Mirihi na Mshtarii.

Ndani ya mpaka malighafi ilikuwa haba, kwa hiyo Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi zikatoka ndogo na ngumu. Nje, barafu ilijumlishwa na mawe. Kiini cha Mshtarii kikanenepa hadi kufikia, kwa makadirio, uzito wa Dunia kumi, kisha kikaanza kujivutia gesi. Leo Mshtarii ina uzito wa Dunia 318.

Kuwahi nako kulihusika. Gesi ile ilidumu miaka milioni chache tu. Uranusi na Neptuni zilikuwa na barafu tele, ila huko mbali vitu vimetawanyika na kukua ni kwa taratibu. Inaelekea zilifika sokoni gesi ikiwa karibu kwisha.

Halafu mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz wakatangaza 51 Pegasi b, sayari ya gesi inayozunguka nyota yake kwa siku nne tu, ndani kabisa ya mpaka. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba ilizaliwa mbali, ikahama.

Na Dunia, iliyofinyangwa upande mkavu? Sehemu kubwa ya maji yake, pamoja na haya yanayopiga ngalawa pale Feri, inadhaniwa ililetwa na mawe yaliyotoka mbali zaidi na Jua.