Shoo za jazi zilizofutwa: usitafute kanda, mtafute aliyekuwa na sababu ya kunakili

Charlie Parker kafariki 1955, na mpaka leo kipande kinachojulikana cha yeye akipuliza saksafoni laivu kwenye TV, picha na sauti za papo hapo, ni kimoja tu. Kimoja! Februari 1952, mtandao wa TV wa Marekani uitwao DuMont, yeye na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie wamekuja kupokea tuzo za jarida la Down Beat, wakasemeshwa kidogo halafu wakapiga "Hot House", basi. Wakati huo huo harusi yoyote ya Nyakato hapa Mwanza ya mwaka 1998 ina mikanda mitatu, mpaka kamati ya chakula imo.

Mi kazi yangu ya mchana ndo hiyo mikanda ya harusi, kipaimara na mazishi, naihamisha kutoka VHS kwenda kwenye fleshi, kibanda kipo mjini upande wa Makoroboi. Usiku nafukuzia shoo za jazi za TV zilizopotea, za Marekani na Ulaya. Na kabla hamjaanza kunishambulia, ndio, najua mzee Misiani wa bendi ya benga ya Shirati Jazz ni mtoto wa hapo juu tu Shirati na kwa gitaa huku ziwani sioni wa kumfikia, ila hiyo mada inataka siku yake, leo ni jazi ya akina Parker. Sasa swali ninaloulizwa kila siku ni we upo Mwanza, unatafutaje vitu vya London na Detroit? Jibu langu ni kwamba kazi hii sehemu kubwa sio kufukua stoo. Ni kujua nani alikuwa na sababu ya kutengeneza nakala nyingine, maana kile cha stesheni yenyewe mara nyingi kilishaenda na maji zamani, na ukishamjua mwenye sababu kilichobaki ni kuandika barua pepe na kuwa na subira.

Tuanze na kwanini vilipotea. TV ya mwanzo ilikuwa laivu tupu, bendi inapiga studio, mawimbi yanatoka, yamekwisha. Kama unataka kubaki na kitu unachukua kamera ya filamu unailenga kwenye kioo cha TV unarekodi kile kioo. Hiyo inaitwa kineskopu. Picha inatoka imefubaa kidogo, ina ukungu ukungu, lakini ni filamu, na filamu haifutiki. Na sababu ya kuzitengeneza haikuwa mapenzi ya historia wala nini, Marekani pwani ya mashariki na magharibi wanapishana saa tatu na kuna stesheni zilikuwa hazijaunganishwa na waya wa mtandao, kwa hiyo wanapelekewa filamu warushe kwa muda wao.

Hizo za DuMont zenyewe zilikuja kuishia pabaya. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi kwenye kikao cha Library of Congress kwamba miaka ya 70 malori matatu yalipakiwa filamu zile na kwenda kumwagwa kwenye ghuba ya New York, kisa nani atalipia kuzitunza. Sisi wa ziwani hatuhitaji kuelezwa hapo maana yake nini.

Halafu 1956 ikaja tepu. Mashine ya Ampex VR-1000, tepu pana inchi mbili, mtandao wa TV wa CBS wa Marekani wakaanza kuitumia Novemba mwaka huo huo. Mtu angedhani hapo ndo vitu vitaanza kutunzwa, kumbe wapi. Rili ya saa moja ni tepu karibu kilomita 1.4 na bei yake ilikuwa kama dola 300 za wakati ule, na uzuri wake kwa mhasibu ni kwamba unaweza kuifuta ukarekodi tena. Yaani teknolojia bora zaidi ndo ikageuka mfutaji mkuu. BBC walifuta miaka ya 60 na 70 kwa wingi, nafasi ya stoo ndogo, mikataba na vyama vya waigizaji na wanamuziki inabana kurudia vipindi, video za kuuza madukani hazipo, sasa boksi limekaa pale la nini? Mi siwatukani sana kwa hilo. Nimeona hapa mjini watu wanarekodi mechi ya Simba na Yanga juu ya ubatizo wa mtoto wao wa kwanza.

Ila kuna moja mpaka leo inaniuma. BBC2 walikuwa na kipindi kinaitwa Jazz Goes to College, wanaenda kurekodi bendi vyuoni. Novemba 1966 wakamrekodi Albert Ayler pale London School of Economics. Ayler yule yule, saksafoni kama mtu anaita watu wakimbie moto! Haikurushwa hata mara moja, na kanda ikafutwa. Wakati mtangulizi wake, Jazz 625 ya 1964 mpaka 1966, nyingi zipo na unawaona wapiga piano Thelonious Monk na Bill Evans, safi kabisa. Stesheni hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo.

Sasa angalieni vilivyopatikana vimepatikana wapi. Clifford Brown, mpiga tarumbeta, alikufa kwa ajali ya gari Juni 1956 ana miaka 25. Picha za video zinazojulikana za huyu bwana akipiga zinatoka kwenye shoo ya Soupy Sales, mchekeshaji wa Detroit aliyekuwa na kipindi cha usiku anaalika wanajazi waliopita mjini. Kineskopu ilikuja kuonekana miaka ya 90 kwenye gereji ya Soupy mwenyewe. Sio kwenye stoo ya stesheni, ni gereji ya mwenye shoo! Bing Crosby naye, fainali ya besiboli ya 1960 ya timu aliyokuwa na hisa, aliogopa akiangalia laivu atawapa mkosi, akakimbilia Paris na kuagiza mtu amrekodie kineskopu, na filamu ikakutwa 2009 kwenye chumba chake cha chini alipokuwa anaweka mvinyo. Na yule kamera wa BBC, John Henshall, 1973 alijitengenezea nakala ya David Bowie akiwa Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC, kwa sababu picha zilipigwa na lenzi ya jicho la samaki aliyoibuni yeye. BBC walifuta ya kwao. Ya kwake ikaonyeshwa tena 2011.

Mnaona mtiririko? Mwenye shoo, mwenye mkosi, mwenye lenzi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anahifadhi "urithi". Kila mmoja alikuwa na sababu yake binafsi na ndo maana mi nikipata jina la shoo iliyopotea siulizi kwanza stesheni, naorodhesha watu waliokuwa chumbani siku ile: mwelekezaji, fundi wa taa, mpiga besi aliyekuwa mgeni bendi ile na mama yake hajawahi kumuona kwenye TV, kampuni iliyolipia tangazo ikitaka ushahidi kuwa limerushwa. Wengi wamekufa, ila wana watoto, na watoto wana stoo.

Kuna sababu nyingine ya kunakili inayotugusa Afrika moja kwa moja, biashara. BBC walikuwa wanatengeneza filamu za milimita 16 za vipindi vyao wanauza nje, na filamu moja ilikuwa inaweza kuzunguka, nchi hii ikimaliza kuirusha inaipeleka inayofuata, ya mwisho inatakiwa irudishe au iharibu. Sio wote waliotii, Mungu awabariki. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa vya Doctor Who, tamthilia ya BBC, vilivyokuwa vimepotea vimekutwa Nigeria, kwenye stesheni ndogo huko Jos. Kwa ukanda wetu Kenya walianza TV 1962 na Uganda 1963, kwa hiyo ukitaka kufuatilia filamu za miaka hiyo jirani wa ziwa hili ndo wa kuulizwa, sio sisi. Tanzania Bara TV imeanza 1994, kwa hiyo Mwanza hakuna stoo ya stesheni ya miaka ya 60, usimpotezee mtu muda.

Sisi tulichonacho ni kingine. Kabla ya 1994 watu wenye deki walikuwa wanaangalia mikanda, na mikanda mingi ya familia hapa ilitumwa na ndugu walioko Uingereza, wamerekodi chochote kilichokuwa kwenye TV yao usiku ule, nusu mieleka nusu muziki, na matangazo yamo humo humo. Hayo matangazo ni dhahabu, msiyakate mnapohamisha! Tangazo la sabuni au habari fupi ya saa nne linakupa tarehe kuliko lebo iliyoandikwa "MUZIKI 2".

Kuhusu tarehe, ukitaka kujua shoo ipi ilirushwa lini Uingereza, BBC Genome ipo mtandaoni bure, ni ratiba za vipindi kutoka jarida la Radio Times tangu 1923, naifungua kabla hata sijafungua YouTube. Kumbuka tu siku ya kurekodi na siku ya kurusha ni vitu viwili, watu wanazichanganya halafu wanadhani zilikuwa shoo mbili.

Na YouTube kwenyewe, aisee. Kila wiki kuna mtu anatangaza kapata shoo ya TV iliyopotea, kumbe ni Soundies. Hizo ni filamu fupi za kama dakika tatu za 1940 mpaka 1947, zilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kuchezesha kwa sarafu kwenye mabaa, TV haihusiki kabisa. Utazijua hivi, wanamuziki wanaigiza juu ya sauti iliyorekodiwa kabla, angalia mikono ya mpiga dramu inapishana na mlio. Tena mashine zile zilitumia vioo kwa hiyo filamu zilichapwa kinyume, na asiyejua akihamisha bila kugeuza unakuta bendi nzima ni mashoto. Ukiona hivyo usisumbue watu.

Kipimo changu cha pili ni masikio, na hapa ndo nafurahia kazi. Kineskopu ya Marekani inakwenda freimu 24 kwa sekunde, PAL, mfumo wa TV uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na kwetu enzi za analojia, ni 25. Njia rahisi ya kuhamisha ni kuikimbiza tu kwa 25, kwa hiyo spidi inaongezeka kama asilimia 4 na sauti inapanda karibu robo tatu ya semitoni, yaani ile hatua kutoka noti moja ya piano hadi jirani yake. Nachukua gitaa napiga nayo. Kama wimbo unaojulikana kuwa wa B-flati unanikalia katikati ya B-flati na B, mahali ambapo hakuna piano iliyotuniwa inaweza kukaa, basi hiyo klipu imepitia PAL, maana yake kuna nakala iliwahi kufika nchi ya PAL na kuna mtu huko aliihamisha. Nimeshajua nianze kuuliza upande gani wa bahari. Ikikaa sawasawa kwenye noti naelekea Marekani. Sio ushahidi wa mahakamani, siku hizi programu zinarekebisha sauti, lakini inakupunguzia dunia nusu.

Sasa ukikuta rili au mkanda wa zamani kwa babu, naomba sana usiuweke kwenye deki "kuangalia kidogo tu". Unyevu wa huku unaleta fangasi, ile mipaka myeupe pembeni ya tepu, ikifika kwenye hedi inaikwangua na deki itaambukiza kila mkanda utakaofuata. Kama ni filamu na ukifungua kopo inanuka siki, filamu inaoza, itenge na nyingine na iweke pakavu penye baridi. Usiirudishe nyuma, usifute lebo hata kama imeandikwa vibaya, piga picha pande zote za boksi pamoja na namba zilizochorwa kwa kalamu. Halafu muulize mzee aliyeileta, taratibu, nani aliirekodi na alikuwa anaitakia nini, na uandike anavyosema hata kama anachanganya miaka.